Picha ya Ubavu Niliyoikwepa

Mwezi uliopita binti mmoja aliyeajiriwa juzijuzi katika chumba cha eksirei nilichokiacha alinisimamisha stendi ya Mbinga. Alinipa shikamoo yake, akaniulizia watu wa nyumbani, kisha akatoa alichokuwa nacho rohoni. Kwa nini nimewaachia agizo kwamba bibi yeyote anayelalamika mgongo asitoke chumbani bila picha ya ubavu? Mabibi wanakataa kugeuka, foleni inarefuka, na wenzake wanamwambia agizo lile ni ukali wa uzee tu. Nilimjibu kwa mkato kwa sababu basi langu lilikuwa limeshawashwa. Jibu lenyewe ni hili. Nawaandikia ninyi nyote mnaosomea mionzi na mlioianza kazi, mlisome mkiwa mmekaa.

Nimepiga picha za mifupa ya watu kwa miaka thelathini na minne katika hospitali moja ya misheni huku kwetu Umatengo. Jina la hospitali silitaji, maana kosa nitakalolieleza ni langu, si la masista walionipa kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Hyera, mtu wa Kigonsera, mfupi, mwenye vidole vilivyogeuka rangi kwa dawa za kuoshea filamu. Siku zile hakukuwa na skrini. Ukishapiga picha unachomoa kaseti, unaingia nayo chumba cha giza, unaizamisha filamu kwenye dawa ya kwanza, unaisuuza, unaitia kwenye ya pili, halafu unaianika kama nguo. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kabla mimi sijafika, kwa hiyo Mzee Hyera alihesabu muda kwa Salamu Maria. Juni, baridi ya Mbinga ikishika na dawa ikapoa, aliongeza mbili. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa pale mjini, aliyemleta mkewe aliyeteguka mkono, aliisikia sauti ile gizani akauliza kama hali ya mgonjwa imekuwa mbaya kiasi cha kuombewa. Mzee Hyera alimjibu kwa utulivu kwamba hapana, bado tunaosha.

Mimi nami nilikuwa na vituko vyangu. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mvuvi wa Liuli mwenye kifua. Nikamwambia avute pumzi, aibane. Nikapiga picha, nikachukua kaseti, nikaingia chumba cha giza kwa furaha ya kuwa nimeweza. Nilipotoka nilimkuta mtu wa watu amekaa sakafuni, macho yamemtoka, kifua bado kimejaa. Yeye alizoea kuzamia ziwani, na mimi sikuwa nimemwambia apumue. Tangu siku ile neno "pumua" silisahau, nanyi msilisahau.

Nawasimulia haya ili mjue kwamba katika kazi hii makosa mengi yanachekesha na yanapita. Lile moja halikupita.

Filamu zetu zilikuja kwa msimu, na mashine yetu ilikuwa nzee. Picha ya mgongo ya mbele iliiweza. Ya ubavu ilihitaji nguvu zaidi, kwa kuwa mionzi inapita kwenye unene wote wa kiwiliwili, na mara nyingine mashine ilizima katikati na filamu ikawa imekwenda bure. Kwa hiyo Mzee Hyera alinifundisha kwamba bibi mzee mwenye mgongo inatosha kumpiga ya mbele. Alisema migongo ya mama zetu ni migongo ya kazi. Mnajua alichomaanisha. Mwanamke wa huku anaanza kuchimba ngolo, yale mashimo ya shamba la mteremkoni, akiwa msichana, na anainama hivyo hadi wajukuu. Akifika miaka sabini amekunjika, na sisi sote, pamoja na yeye mwenyewe, tunasema ni kazi na uzee. Mashine mpya ilipokuja, na baadaye skrini, nguvu za kupiga ubavu zilikuwepo tele. Mazoea yangu yalibaki ya mashine ya zamani.

Sasa sikilizeni jambo la ufundi, maana ndipo mambo yote yalipo. Mifupa ya mwanamke aliyekwisha kuzaa na kuzeeka inaweza kupungua ndani kwa ndani, ikawa myepesi, na yeye asijue. Siku moja anainua kikapu, au anakohoa, na pingili ya mgongo inabonyea. Hakuna kuanguka, hakuna jeraha. Na pingili inapobonyea, mara nyingi hubonyea upande wa mbele. Ukimpiga picha ya mbele, kivuli chake bado kinajaza nafasi karibu vizuri na jicho la haraka linaipita. Ukimgeuza ubavu unaiona: nyuma imebaki ndefu, mbele imekuwa fupi, kama kabari ya kukazia mpini wa jembe. Mnapomuuliza bibi "Umeanguka?" akasema hapana, hamjamuuliza kitu.

Mama mkwe wangu, Bibi Filomena, alikuwa akiishi Kingerikiti, akilima mwenyewe na kuhesabiwa miongoni mwa waimbaji wa jumuiya yake. Asubuhi moja aliinama kuchukua kikapu cha mahindi, akasikia kitu kinalia mgongoni kama kijiti. Alimwambia mke wangu Skolastika peke yake. Skolastika akamleta kwangu Mbinga, akijua kwamba mumewe ndiye mwenye mashine.

Ninyi wa siku hizi mnakaa meza moja na wakwe zenu mkitazama televisheni. Sisi hatukulelewa hivyo. Katika ukoo wa mke wangu mama mkwe hukai naye benchi moja, humpiti mgongoni, humtazami usoni, na ukiwa na neno unalipeleka kwa mkeo au kwa mtoto. Miaka ishirini na sita ya ndoa sikuwahi kuuona hata mkono wake juu ya kiwiko. Na sasa alikuwa amesimama katika chumba changu, mimi na yeye tu, karatasi ya tabibu mkononi: maumivu ya mgongo, apigwe picha.

Kumpiga ubavu kungetaka nimlaze, nimgeuze, nimkunje magoti, nimfunue mgongo, nipapase pingili kwa kidole ili nijue mionzi niielekeze wapi. Wala msidhani sikuwa na njia nyingine. Sista Gaudensia, muuguzi wetu, alikuwa wodini, hatua thelathini kutoka pale. Ningemwita angemgeuza yeye, nami ningesimama nyuma ya ukuta na kubonyeza tu. Sikumwita. Nilitaka yaishe. Nilimpiga ya mbele akiwa amesimama, kitenge kikiwa kimefungwa kifuani, mimi nikitoa maelekezo huku nimeukazia macho mlango. Nilipoiona picha kwenye skrini niliona ninachokijua, mgongo wa kazi. Tabibu aliponiuliza, nilimwambia hakuna kilichovunjika.

Kwa hiyo alitibiwa figo. Baadaye akatibiwa homa ya matumbo. Baada ya hapo akapewa dawa za kutuliza maumivu, na akarudi Kingerikiti.

Alikaa hivyo miezi mitano. Akilala chali anaumia, akilala ubavu anaumia, mwishowe akawa analala ameketi kwenye kiti cha mkono, kanga imemfunga kwenye egemeo ili asianguke mbele. Aliacha shamba, kisha akaacha kanisa. Skolastika alikwenda kumtazama, akarudi akiniambia kwamba vitenge vya mama vinaburuta chini, amekaa siku nzima akivipunguza pindo. Mimi nilisikia, nikasema uzee. Kumbe mama wa watu alikuwa anakuwa mfupi. Naliandika hili na mkono wangu mzito.

Mwezi huo wa tano alipiga chafya na mgongo ukalia tena. Wakambeba hadi hospitalini kwetu. Safari hii alimpokea tabibu mpya, dada mmoja kutoka Songea asiyejua mkwe wa nani ni nani. Alipita na kidole pingili moja moja mpaka mama akaguta, akaandika kwa herufi kubwa: picha ya ubavu. Sista Gaudensia alimgeuza. Mimi nilibonyeza kitufe nikiwa nyuma ya ukuta, na picha ikaja.

Kulikuwa na kabari mbili. Ya chini ilikuwa mpya, kingo zake kali. Ya juu yake ilikuwa ya siku nyingi, imeshabanana na kuganda katika ubovu wake. Nilikaa kwenye kiti na sikuweza kumwita mgonjwa mwingine. Niliijua ile ya juu ilikuwa ya lini.

Tabibu alisema wapo wagonjwa wengi wanaopona mivunjiko hiyo kwa dawa, kupumzika na mkanda wa mgongo, wala hakuna haja ya kuwasafirisha. Lakini wiki nne zilipita mama hajaweza kulala, hajaweza kukaa, chakula hakipiti, na akaanza kumwambia Skolastika amchagulie kitenge cha kuzikiwa. Hapo akapewa rufaa ya Dar es Salaam, kwa daktari wa migongo anayechoma sindano ya saruji. Bima yangu ya kazini ilimhesabu mkwe kama mzazi, na katika yote yale hilo ndilo lililokuwa rahisi.

Habari ya saruji ilipofika Kingerikiti iliwakosesha watu usingizi. Shemeji yangu Damiani, ambaye ni fundi mwashi, alikuja na maswali ya ufundi. Mfuko mmoja utatosha? Na ikishawekwa, nani atamwagilia, maana saruji isipomwagiliwa siku saba inapasuka. Nilimweleza kwamba si saruji ya kujengea, ni unga na maji yake maalumu, vinachanganywa palepale, na kinachoingia kwenye mfupa hakizidi kijiko cha chai au viwili. Akatikisa kichwa, akasema kwa kipimo hicho angalau wasiweke mchanga. Mama alikuwa anasikiliza chumbani, na Skolastika aliniambia alicheka, halafu akalia kwa sababu kucheka kulimuuma.

Safari ya basi sitaieleza. Tulimpakia mito, akasimama kwa kushika kiti karibu nusu ya njia.

Daktari wa Dar alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye maneno machache. Alimpitisha mama kwenye ile mashine kubwa ya sumaku, kisha akatuita mimi na Skolastika mbele ya skrini. Pingili ya chini ilikuwa bado mbichi, yenye majimaji ya jeraha, na hiyo ndiyo iliyokuwa inamtesa. Hiyo angeweza kuichoma, ili saruji iushike mfupa usisagane. Ya juu ilikuwa imeshajiganda.

"Hii ya juu kwa sindano siwezi kuisaidia," alisema. "Ingeletwa mapema ningeizuia isibonyee mpaka hapa. Sasa mama atabaki ameinama. Picha za kwanza nani alipiga?"

Bahasha ya picha hizo ilikuwa mkononi mwangu. Nikajibu kwamba zilipigwa kule kwetu. Skolastika alinitazama, na nikajua ameelewa. Daktari aliendelea kueleza kwamba saruji ni ya kuondoa maumivu, si ya kumnyoosha mtu, kwamba ina hatari zake, na kwamba baada ya hapo mama atahitaji dawa ya mifupa yenyewe, la sivyo pingili nyingine zitafuata. Sikusikia nusu yake.

Shida nyingine ilikuwa hii. Sindano ile pale hospitalini alichomwa mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi ya sehemu tu, ili aseme anavyosikia. Saruji ikitoka nje ya mfupa ikaelekea kwenye mishipa ya fahamu, wa kwanza kujua ni mgonjwa: mguu unaungua, au unakufa ganzi. Na mama, ambaye Kiswahili cha kanisani na sokoni alikiweza, kwa hofu ile alikuwa amekipoteza chote na kubaki na Kimatengo. Wauguzi wa pale hakuna aliyekijua. Skolastika akitazama damu anazimia, na alishazimia mara moja kwenye kutolewa damu ya kupima. Daktari akanigeukia mimi. Alisema mzee, wewe ni mtu wa eksirei, aproni ya risasi unaijua, utasimama kichwani pake.

Basi nilivaa aproni, nikaingia.

Walikuwa wamemlaza kifudifudi, mito chini ya kifua na nyonga, mgongo wote wazi chini ya taa. Mgongo ule niliokataa kuutazama ulikuwa mwembamba, una vidonda viwili vikavu vya kulala kitini, na katikati yake nundu ambayo ningeihisi hata kwa kidole gumba kama ningekuwa nimeugusa siku ile ya kwanza. Niliona aibu kubwa. Haikuwa ile ya mkwe.

Daktari alipiga ganzi, akaingiza sindano nene upande mmoja, akiigonga kwa nyundo ndogo huku mashine yenye mkono uliopinda ikimwonyesha njia kwenye skrini, mara mbele, mara ubavu. Upande wa pili vivyo hivyo. Muuguzi akachanganya unga na maji, harufu ikajaa chumba, kali kama ya rangi ya kucha. Kisha wote wakasubiri. Saruji ikiwa majimaji inakimbilia mahali isipotakiwa, ikikauka haiingii. Wanaisubiri iwe nzito kama dawa ya meno, na hapo wana dakika chache tu kabla haijawa jiwe. Daktari akaanza kuisukuma kidogo kidogo. Kwenye skrini ilionekana nyeusi, inajitandaza ndani ya mfupa.

Kila baada ya msukumo aliniambia niulize. Nami niliuliza kwa lugha yetu, mama, miguu inasikiaje? Naye kila mara alijibu vilevile, kwa sauti ya mtu anayepokea mgeni mlangoni.

"Sijambo, baba. Nashukuru."

Nilimtafsiria daktari kwamba hajambo. Daktari akasukuma tena. Nikauliza, akasema hajambo, anashukuru. Nikatafsiri. Ndipo macho yangu yalipoangukia mkono wake. Alikuwa ameikamata pembe ya kitanda hadi vifundo vimetokeza, na vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa vinajikunja na kukunjuka. Nikaelewa ninachokifanya. Nilikuwa nampelekea daktari heshima ya mkwe badala ya hali ya mgonjwa. Mama mkwe hawezi kumwambia mume wa bintiye kwamba anaumia. Hajawahi kuniambia chochote zaidi ya kwamba hajambo.

Nilimwambia daktari asimame. Nikapiga magoti, nikauweka uso wangu sawa na wake, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Mama," nikamwambia, "hapa mimi si mkweo. Usinistahi. Niambie mguu."

Alifumba macho.

"Wa kushoto unaungua," alisema. "Unaungua kutoka kiunoni mpaka unyayoni. Tangu umeniuliza mara ile ya kwanza."

Nilisema kwa sauti kwa Kiswahili. Daktari aliondoa mkono, akaigeuza mashine, akainama kwenye skrini. Kulikuwa na uzi mwembamba mweusi uliotoka nyuma ya mfupa, mfupi kama ukucha wa mtoto. Hakusukuma tena. Tulisubiri saruji igande, mimi nikiwa bado nimepiga magoti na kumuuliza kila dakika, naye sasa akinijibu kweli: bado, bado, imepungua kidogo, bado. Iliganda. Moto wa mguu ukapungua, na jioni ilibaki ganzi kwenye kidole gumba tu. Daktari aliponikuta kwenye korido alisema msukumo mmoja zaidi mguu ule ungekufa. Hakunisifu wala hakunilaumu.

Kesho yake mama alilala chali. Skolastika alikaa kando ya kitanda akimtazama tu anavyolala, na alipoamka akaomba uji.

Mke wangu hakunisemesha mpaka tuliporudi Mbinga. Alipofungua kinywa hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni kweli nilimwacha mama yake afungwe kwenye kiti miezi mitano kwa sababu niliona haya kumwita Sista. Nikasema ni kweli. Akasema basi nikamwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu, yeye hatapeleka ujumbe huo.

Nilikwenda Kingerikiti Jumapili baada ya misa. Mama alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, ameinama vile atakavyoinama maisha yake yote, lakini akichambua mboga na uso una nuru. Skolastika alikaa kizingitini kwa ajili ya adabu. Nami nilisema. Nilimweleza picha ya mbele ni nini na ya ubavu ni nini. Nilimweleza kwamba mfupa wake wa kwanza ulikuwa umevunjika siku ile aliposimama mbele yangu, na kwamba kwa heshima yake sikumgeuza, na kwamba ningemgeuza huenda angekuwa amenyooka. Niliomba radhi.

Aliendelea kuchambua mboga.

"Mimi nami nilifurahi hukunigeuza," alisema. "Ningeona haya. Hilo tumelifanya wote wawili, nami nimekusamehe." Akaweka jani pembeni. "Lakini siku ile kwenye benchi tulikuwa wanne. Mmoja wa Mpepai, wawili wa huko milimani. Wote migongo. Wote tuliingia, tukatoka na picha moja moja ya mbele. Baba Anjela, wale wengine nao ulikuwa mkwe wao?"

Nilikuwa nimejifichia kwenye mila ya wakwe kwa miezi yote ile, na bibi yule asiyejua kusoma aliniondolea kifuniko kwa swali moja. Mila ilinipa haya mbele ya mtu mmoja. Kwa wale wengine wote yalikuwa mazoea na uvivu, na ninyi mtakaojisikia vibaya kusoma neno hilo, lisomeni tena.

Nilibakiwa na miaka miwili kazini. Nilifungua madaftari ya chumba cha eksirei, nikaandika majina ya mabibi wa mgongo niliowapiga picha ya mbele tu katika miaka ile ya karibuni. Siku zangu za mapumziko nilikuwa nakwenda kuwatafuta. Wengine walikuwa wamehamia kwa watoto wao. Wengine nilionyeshwa makaburi, na watoto wao wakanikaribisha chai, wakidhani nimekuja kutoa pole. Waliokuwa hai niliwaomba waje, na Sista Gaudensia akawageuza. Wawili walikuwa na mivunjiko mibichi, wakapata msaada kwa wakati. Wengi kabari zao zilikuwa zimeshaganda.

Yule wa Mpepai aliyekuwa kwenye benchi na mama mkwe alikuwa wa mwisho kumpata. Nilimkuta mlangoni kwake amekaa kwenye kigoda, amekunjika hadi kidevu kinakaribia magoti. Nilimsalimu. Aliinua macho tu, shingo haikufika, akanitambua. Alifurahi kuliko nilivyostahili. Aliita wajukuu waje waone mganga wa mashine aliyemfuata mgonjwa wake nyumbani, akasema katika umri wake hajapata kuona mtumishi wa serikali wala wa misheni mwenye moyo kama huo. Nilimwambia nimekuja kumwomba arudi hospitalini, tumpige picha nyingine, ya ubavu.

"Ile ya kwanza iliharibika?" aliniuliza.

Lilikuwa jibu rahisi, na alikuwa amenipa mwenyewe. Filamu huharibika, skrini hugoma, umeme hukatika, kila mtu anajua.

"Haikuharibika, Mama," nikamwambia. "Ya ubavu sikukupiga. Ilikupasa upigwe, sikukupiga."

Wajukuu walikuwa wamesimama wanatusikiliza. Bibi alitazama chini, mahali ambapo macho yake yalikuwa yanafika. Kisha akaninyooshea mkono ili nimwinue, twende.